Maini ya Idi na Mstari Mwekundu wa Baji Mehrunnisa

Tarehe 30 Aprili, Baji Mehrunnisa Khakwani, "baji" yaani dada mkubwa, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kusoma picha za ultrasaundi katika hospitali yetu hapa Multan. Mimi, msukuma vitanda, nimeombwa niandike. Elimu yangu ni ndogo, lakini niliyoyaona nimeyaona.

Alianza na picha za wajawazito. Tulipoanza kutibu uvimbe wa ini kwa joto, sindano ikiingizwa hadi ndani ya uvimbe na kuuchoma bila kumpasua mtu, ikaja taabu. Nyama ikichemka hutoa mapovu, na kwenye skrini mapovu ni wingu jeupe linalofunika kila kitu. Daktari haoni joto limefika wapi. Akiwahi kuzima, uvimbe unabaki. Akichelewa, anaunguza kisichohusika.

Baji, mama wa watoto wanne, akarudi darasani kujifunza kuandika programu za kompyuta. Programu yake hulinganisha kila picha mpya na zilizotangulia, ikaitafuta nyama iliyoiva nyuma ya lile wingu, ikaizungushia mstari mwekundu.

Ili ajue kama mstari unasema kweli, alihitaji maini ya mbuzi. Sasa Idi ya kuchinja, ini ndilo la kwanza kuingia kikaangoni, na watoto hulisubiri tangu alfajiri. Baji akapita wodini akiomba.

"Baji, hata ini la Idi unatunyang'anya?" wauguzi walilalamika, lakini wakaleta. La kwanza lilikuwa la nyumbani kwake. Akayachoma kwa sindano ile ile, akayakata, akapima palipoiva na palipochorwa. Idi baada ya Idi.

Kisha akaugua Allah Ditta, mtunza bustani wetu, ambaye sote humwita Chacha, yaani baba mdogo. Uvimbe wake ulikuwa umeegemea mfuko wa nyongo, na hospitali nyingine zilishaogopa kuugusa, zikamrudisha nyumbani.

"Kwa hiyo leo mbuzi ni mimi?" aliuliza kabla ya dawa ya usingizi.

"Mbuzi hawakuwa na maneno mengi hivi, Chacha."

"Hawakuwa na mke anayewangoja mlangoni!"

Daktari Hashmat, aliyeshika sindano, akawasha joto. Wingu likajaa. Mimi niliona weupe mtupu, na ndani yake ule mstari ukitambaa kuelekea kwenye nyongo.

"Baji, nizime?"

"Bado."

"Baji!"

"Bado, mwanangu… Zima!"

Vipimo vya baadaye vilionyesha uvimbe wote umekufa, mfuko wa nyongo haukuguswa. Subhanallah! Nilisujudu pale pale koridoni. Mwenyezi Mungu ndiye aonaye yaliyofichika, na siku ile alimwonjesha mja wake kidogo.

Chacha yu hai, na nyuma ya kibanda chake anafuga mbuzi wa Idi ijayo. Ini ni la Baji, mkewe atalikaanga. Chacha ameweka sharti moja tu: "Asilikate kutazama ndani. Ale!"

Baji, asante kwa macho yako. Mungu akupe afya na miaka mirefu ya raha, na Idi hii, kula likiwa la moto.