Seli za Nani?

APOLINARIA: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

LEODGAR: Shikamoo, mama. Ni Leodgar, niko Dar. Simu ya mwenzangu kazini.

APOLINARIA: Marahaba. Siku hizi unajificha kwenye namba za watu?

LEODGAR: Yangu hupokei! Mama, hilo jicho—

APOLINARIA: Jekundu tu. Moshi wa kukaushia tumbaku.

LEODGAR: Na kuona ukungu?

APOLINARIA: Nani kakwambia ukungu?

LEODGAR: Jirani yako, nesi Koleta. Tena damu yako imepimwa, haina dawa hata chembe. Vidonge unameza?

APOLINARIA: Huku Goweko mtandao unakatika.

LEODGAR: Haukatiki. Unameza?

APOLINARIA: Anza kunijibu wewe. Zile seli walizonipandikiza jichoni kule India, za nani?

LEODGAR: Si nilikwambia? Za marehemu mmoja—

APOLINARIA: Mtu mzima?

LEODGAR: Mama—

APOLINARIA: Huyo Koleta wako nami nimemuuliza. Kasema asili yake ni kiinitete. Mtoto, Leodgar!

LEODGAR: [Mikwaruzo ya simu.] ...cha siku chache tu, cha maabara. Wazazi wenyewe walikitoa kwa hiari. Walikuwa wanatafuta mtoto, hicho kikabaki.

APOLINARIA: Kikabaki! Kama ugali?

LEODGAR: Ningesema ukweli ungekataa, ungebaki kipofu.

APOLINARIA: Basi nimekataa sasa. Vidonge nimeacha. Mwili uamue wenyewe.

LEODGAR: Umeshaamua, ndio huo wekundu! Kinga yako inaziona hizo seli ni wageni, inazishambulia. Vidonge ndivyo vilikuwa vinaituliza.

APOLINARIA: Zikishambuliwa?

LEODGAR: Zinakufa. Na jicho linazimika.

APOLINARIA: Baada yako nilibeba watatu.

LEODGAR: Najua, mama.

APOLINARIA: Hujui. Mwili ulikuwa unawatoa tu, mmoja baada ya mwingine. Na huyu naye—

LEODGAR: Siyo mtu, mama, ni se—

APOLINARIA: Nyamaza. Safari hii hunidanganyi? Dawa ndiyo inaziacha zikae?

LEODGAR: Haki ya Mungu.

APOLINARIA: Bado ziko hai?

LEODGAR: Labda, ukiwahi leo. Usianze kumeza mwenyewe, nenda hospitali Tabora, daktari anakusu— mama, salio la watu linaisha, umenisikia?

APOLINARIA: Koleta! We Koleta! Niitie bodaboda, upesi! [Mlio wa simu kukatika.] Leodgar? Watazikuta hai? Haloo?