Mama Chlore: maisha ya Félicité Kanyere, muuguzi wa Tshopo

Ndugu, majirani, mimi ni Mbusa, mdogo wake marehemu. Familia imeniagiza nisome maisha yake, nami nitayasoma hata sauti ikikatika.

Mama Félicité Kanyere alizaliwa Butembo tarehe 3 Machi 1961, mtoto wa pili wa Mama Françoise na marehemu Papa Paluku. Alisoma shule ya msingi kwa masista, kisha akaja Kisangani kusomea uuguzi, akapata diploma mwaka 1982. Tangu hapo alifanya kazi katika kituo cha afya hapa commune ya Tshopo, miaka kumi na minane, mingi kati ya hiyo bila mshahara.

Mwaka 1985 aliolewa na Henri Lisungi, fundi wa umeme. Siku ya arusi alisimama mbele ya masufuria ya lituma ya ndizi na gauni lake jeupe, beseni la maji ya chlore, dawa ya kuua vijidudu, mkononi, mtu asile kabla ya kunawa. Tonton Pierre akalalamika: "Bon, tumekuja arusi ao tumekuja hôpital?" Lakini alinawa. Jina la Mama Chlore lilianzia pale.

Baada ya mabomu ya mwezi wa sita mwaka huu, mabomba yalikauka, watu wakanywa maji ya mto, kipindupindu kikaingia. Tulingoja sérum, maji ya kutundikia wagonjwa mshipani, ije kwa ndege. Ndege zilitua uwanja wa Simi-Simi, zikashusha askari. Jamani, angefanya nini? Alichemsha maji, akatia sukari na chumvi, akajaza chupa za bia, akawanywesha wagonjwa. Waliokufa alikataza wasioshwe, kwa kuwa ugonjwa hubaki mwilini. Wafiwa walimtukana sana. Mmoja alimwuliza: "Ingekuwa mutu yako, ungemuacha hivi?" Akajibu: "Hata mimi, musinioshe."

Sérum ya mwisho iliisha Jumapili. Jumatano asubuhi naye akaanza kuharisha na kutapika. Muuguzi mwenzake, Hadidja, alimnywesha maji yale ya sukari na chumvi kijiko kwa kijiko, yote akayatapika. Mimi nilizunguka maduka yote ya dawa, nikarudi mikono mitupu. Alifariki jana, Alhamisi tarehe 14 Septemba 2000, saa tisa mchana.

Ameacha mume wake Henri, watoto watatu, Adeline, Franck na Merdi, mimi mdogo wake, na mama yetu. Jana Mama alikuja mlangoni na beseni la maji ya vuguvugu na kitambaa, akatuomba: "Muniachilie hata miguu tu." Tulimshika mikono, akalia mpaka maji yakapoa.

Hatukukuosha, dada. Tulikutii. Mungu akupokee hivyo ulivyo, upumzike.