Kitabu Kilichofungwa

Djuma alipakia walimu wawili kwenye pikipiki yake, kutoka Kasongo hadi Wamaza, nao wakabishana njia nzima mgongoni mwake kana kwamba hana masikio.

"Darasa langu linasoma pamoja, sauti moja, Kifaransa safi!" alijigamba Ruphin.

"Wameshika kwa kichwa tu, mwalimu," akasema Pascaline. "Mimi naweka wawili wawili. Mumoja anasoma, mwenzake anaeleza kwa Kibangubangu, luga ya kwao, ile amesikia. Sasa hata wale wanafunzi wakubwa walichelewa kuanza masomo wanaelewa."

"Lakini mtihani iko kwa Kifaransa, mama!"

"Ndiyo maana waelewe kwanza."

Walishuka wakibishana bado. Binti wa Djuma yuko darasa la Ruphin. Kila jioni humsomea baba yake ukurasa mzima bila kukosea, kitabu kikiwa kimefungwa. Mpaka asubuhi hiyo, Djuma alikuwa akijivunia.