Inchi Tatu na Robo

Benchi la mbele ya kibanda cha cherehani lina miguu mitatu na tofali, na Jumatano hiyo lilibeba wanaume watatu na birika la kahawa. Inchi, fundi mwenye kibanda, hakuwa ameshona hata kifungo tangu asubuhi. Binti yake, aliyekwenda ng'ambo kufanya kazi za ndani, alifia huko siku tisa zilizopita, na leo alikuwa anarudishwa kwa ndege. Sururu, mchimba makaburi, alitaka kujua jambo moja tu: mwili unafika saa ngapi. Kaburi humchukua saa nne, wala halazi kaburi wazi. Mvua ikilijaza, anaanza upya na tope.

Ndege ilikuwa ya saa nne asubuhi, Inchi alisema. Saa za kule ni sawa na za hapa. Hilo alilijua kwa miaka miwili ya kupigiwa simu na mwanawe. Iliyobaki ni safari. Akatandaza ramani kuukuu ya shule kwenye meza ya kukatia, akavuta futi kutoka uwanja ule hadi huu.

— Tatu na robo.

— Hiyo safari au kiuno? — akauliza Rubani.

Rubani hajawahi kupanda ndege. Alifagia uwanja wa ndege miaka kumi na moja, na ufagio ule umempa mamlaka ambayo wenye vyeti hawana. Akapiga hesabu: mwendo wa saa tano. Akaongeza moja ya upepo wa mbele. Kisha akaitoa, kwa kuwa dunia inazunguka, na uwanja huja kuilaki ndege. Sururu akamuuliza kwa nini basi yeye asirukeruke tu hapa mpaka duka limfikie. Saa ya upepo ikarudishwa.

Rubani akashusha sauti.

— Kukiwa na jeneza, mwendo hupunguzwa. Heshima.

Inchi alijua ni uongo. Ulimpoza.

— Kiasi gani?

— Kidogo, kaka. Kama gari kwenye tuta.

Fundi akaongeza nusu saa. Ndege itatua saa kumi na nusu. Sururu akatazama wingu, akahesabu kurudi nyuma, akabeba zana zake na kuvuka barabara kuingia makaburini. Ilikuwa saa sita.

Ndipo akaja mama mmoja kufuata sare ya mwanawe. Alipoambiwa, alitoa pole, akakaa mahali pa Sururu, akasikiliza habari za upepo na heshima hadi mwisho.

— Fundi, nani amekwambia ameshapakiwa?

Inchi akafungua ujumbe wa wakala aliyempeleka binti huko. *Ndege za kuja huko ni Jumatano na Jumamosi, saa nne asubuhi.* Alikuwa ameusoma labda mara ishirini, na kila mara aliishia kwenye Jumatano.

— Hii ni ratiba tu, baba — mama akasema taratibu.

Rubani akainamisha birika juu ya kikombe. Yakatoka machicha.

Inchi alimpigia wakala. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, futi bado ikining'inia shingoni, na ng'ambo ya ukuta wa makaburi sururu ikaanza kugonga, pigo moja moja, bila haraka.