Mama wa Kwenye Wimbo

BAZILIO: Haloo? Nani mwenzangu?

GHARIBU: Mimi hapa. Gharibu.

BAZILIO: Gharibu yupi? Sema kwa nguvu, mashine ya kusaga ya jirani inanguruma.

GHARIBU: Gharibu wa Kibondo, bwana! Gharibu wa bendi ya ushirika. Kwani unao wangapi?

BAZILIO: Aa! Mwakeye, mwimbaji! Umeamkaje?

GHARIBU: Mwakeye, mwakeye. Habari za Kasulu?

BAZILIO: Vumbi tu. Mimi na cherehani yangu. Vidole vimevimba, suruali moja siku mbili. Wewe?

GHARIBU: Nipo dukani. Presha ipo, magoti yapo. Tunasukuma.

BAZILIO: Asubuhi yote hii… kuna msiba?

GHARIBU: Hakuna msiba. Jana mchana ulisikiliza redio?

BAZILIO: Niliusikia wimbo wetu.

GHARIBU: Ah. Uliusikia.

BAZILIO: Redio ya fundi simu hapo mbele. Gita likaingia, nikasema huyu mpiga gita mjinga gani, kachelewa kuingia. Kumbe mimi.

GHARIBU: [anacheka, anakohoa] Ulichelewa kweli. Nilikwambia palepale studio.

BAZILIO: Miaka thelathini na mbili, kosa liko palepale linaningoja. Wewe uliusikiaje?

GHARIBU: Nilikuwa napima mchele. Nikasikia kijana anaimba, nikasema moyoni, huyu kijana ana pumzi. Bazilio, sikujitambua. Ilipofika kiitikio ndipo nikajua. Nikakaa juu ya gunia. Mteja ananiuliza, mzee, unaumwa?

BAZILIO: Lakini ulifurahi.

GHARIBU: Nikudanganye nini. Nilichoka. Ghafla tu, mwili wote, kama nimetembea kutoka huko kwako mpaka hapa.

BAZILIO: Hm.

GHARIBU: Sasa sikiliza. Mtangazaji alisema, anayewafahamu hawa wazee atupigie. Mwanahawa akapiga. Binti yangu, hata hakuniuliza. Akasema huyo ni baba yangu, ndiye mwimbaji na ndiye mtunzi.

BAZILIO: Mtunzi.

GHARIBU: Ndivyo alivyosema.

BAZILIO: Ndivyo alivyofundishwa.

GHARIBU: Bazilio, usinianze. Leo saa kumi watanipigia, naongea moja kwa moja, mkoa mzima unasikia. Mama Mwanahawa amealika majirani, anapika pilau. Ndugu zake wa Ujiji wote wameambiwa wafungue redio. Sasa nilikuwa naomba… mtandao unakata, unanisikia?

BAZILIO: Nakusikia.

GHARIBU: Wakikupigia na wewe, kuhusu mtunzi—

BAZILIO: Walishanipigia. Sijui namba waliitoa wapi.

GHARIBU: Eh! Ukasemaje?

BAZILIO: Nilisema jino linaniuma, siwezi kuongea.

GHARIBU: Ahsante, ndugu yangu. Ahsante sana.

BAZILIO: Usinishukuru. Sikutaka kukusemea uongo, wala sikutaka kukuumbua. Nikachagua jino.

GHARIBU: Ulikuwepo, Bazilio! Yule bwana wa studio alituuliza, nani mtunzi, niandike jina. Wote tukatazamana. Ningesema nini? Niseme wimbo ni wa Nsengimana, Mrundi, mkimbizi, tumemwacha nyuma kwa sababu hana kibali cha kutoka nje ya mkoa? Wangeuliza anaishi wapi, anafanya nini, wangemfuata.

BAZILIO: Siku ile, sawa. Hata mimi niliona sawa. Na tuliporudi?

GHARIBU: Tuliporudi…

BAZILIO: Tulishuka kwenye treni Kigoma, tukafika huku, Nsengimana akatupokea kwa mikono miwili. Akauliza wimbo umetoka? Ukamwambia umetoka vizuri. Hukumwambia umetoka na jina la nani.

GHARIBU: Alikuja kusikia mwenyewe redioni.

BAZILIO: Ego, ndiyo. Alisikia. Akanyamaza.

GHARIBU: Na mimi tuliporudi nilikuwa nachumbia, unajua. Firdausi alikuwa ananiuliza, huyu mama unayemwimba, "mama, kaa hapo, nitapita kukuchukua," ni nani? Nikamwambia ni wewe. Ni neno moja tu, Bazilio. Nilikuwa na miaka ishirini na minne.

BAZILIO: Neno moja limezaa watoto sita.

GHARIBU: Sasa leo nimwambie nini? Mke wangu ameuimba huo wimbo akinyonyesha. Mwanahawa alipoolewa ndio waliopigiwa wakiingia ukumbini. Nimwambie ni uongo? Mbele ya ndugu zake?

[Mashine ya kusaga inanguruma.]

BAZILIO: Gharibu. Uliwahi kumwuliza Nsengimana, huyo mama ni nani?

GHARIBU: Si mchumba? Kwenye nyimbo zetu mama ni nani? Mama ni mpenzi. Bendi zote ziliimba hivyo.

BAZILIO: Na mimi nilidhani hivyo. Mwaka jana, Desemba ile, magari yalipokuwa yanawabeba Warundi kurudi kwao, alikuja hapa kuniaga. Mzee kabisa, meno hana. Akakaa kwenye kigoda cha wateja. Akaniuliza, ule wimbo mnaupiga bado? Nikamwambia bendi ilikufa zamani. Akasema, Gharibu aliuimba haraka mno. Ulikuwa wimbo wa kwenda polepole.

GHARIBU: Alisema hivyo?

BAZILIO: Nikamwuliza, kwa nini polepole? Akasema, kwa sababu mama yangu alikuwa hawezi kutembea.

GHARIBU: …Mama yake.

BAZILIO: Mama yake mzazi. Mwaka wa sabini na mbili, wanakimbia mauaji kwao kuja huku. Miguu ya mama imevimba, na Nsengimana amebeba mdogo wake mgongoni. Walipokaribia mpaka, upande wa Munanila, mama akashindwa. Akamkalisha kando ya njia, akamwambia mama, kaa hapo, nitapita kukuchukua. Akavusha mdogo wake. Aliporudi siku ya pili, hakumkuta.

GHARIBU: Hakumkuta… wapi?

BAZILIO: Hakumkuta, Gharibu. Ndiyo hivyo. Hakumkuta mpaka leo.

[Upande wa pili, sauti za wateja tu.]

BAZILIO: Haloo? Upo?

GHARIBU: Nipo. Watu wameucheza, Bazilio. Kwenye harusi. Mimi mwenyewe kwenye kiitikio nilikuwa napiga miluzi.

BAZILIO: Na mimi niliweka gita la kuchezesha watu.

GHARIBU: Kwa nini hukuniambia tangu Desemba?

BAZILIO: Nilishika simu mara mbili. Nikasema, mzee mwenzangu ana presha.

GHARIBU: Leo ndiyo umeona sina?

BAZILIO: Leo umeniomba nikae kimya. Nisingeweza kukaa kimya na wewe hujui unanyamazisha nini. Sasa unajua. Saa kumi sema unachotaka. Mimi jino bado linauma.

GHARIBU: Bazilio, mimi… Firdausi ananiita. Eeh, nakuja! Anataka nionje chumvi ya pilau. Bazilio, nifanye—

BAZILIO: Haloo? Gharibu? Haloo?

[Mtandao umekatika. Saa kumi na mbili kasoro jioni, Bazilio anapiga namba ileile.]

FIRDAUSI: Haloo, nani?

BAZILIO: Haloo? Gharibu?

FIRDAUSI: Siye. Ni mimi, mkewe. Simu ameiacha hapa.

BAZILIO: Shemeji! Bazilio huyu wa Kasulu. Habari za hapo?

FIRDAUSI: Habari… tupo, shemeji. Tupo tu.

BAZILIO: Yeye yuko wapi?

FIRDAUSI: Alipomaliza kuongea na redio akachukua kofia akasema anakwenda kuswali alasiri. Mpaka sasa. Nadhani anangoja kuunganisha na magharibi.

BAZILIO: Huku kwetu umeme ulikatika. Nilimsikia anasalimia, nikasikia "wimbo huu sikuutunga mimi," redio ikazima. Nimezunguka mtaa mzima natafuta yenye betri.

FIRDAUSI: Basi hukukosa sana.

BAZILIO: Alikueleza kabla, shemeji?

FIRDAUSI: Asubuhi alikuja jikoni mara tatu. Anasimama mlangoni, anatazama sufuria, anaondoka. Nikadhani njaa.

BAZILIO: Ah, Gharibu.

FIRDAUSI: Nilikuwa nimetandika mikeka miwili. Wanawake kumi na mmoja, shemeji, mke wa imamu yumo. Redio tumeiweka juu ya kabati. Yeye yuko chumbani na simu, mlango ameufunga. Mtangazaji akapiga kipande cha wimbo, halafu akauliza, mzee, tuambie, huyo mama uliyemwimba kwa sauti ile yuko wapi leo? Wote wakanigeukia. Mama Shamsi hapa kwa jirani akaanza kigelegele.

BAZILIO: Mungu wangu.

FIRDAUSI: Na yeye akasema, huyo mama simjui. Ni mama wa mtu. Aliachwa njiani watu wakikimbia, na aliyemwacha ni mwanawe, anaitwa Nsengimana, na wimbo ni wake. Akasema, mimi niliandika jina langu. Kigelegele kikaishia mdomoni.

[Mtandao unakwaruza.]

FIRDAUSI: Unanisikia?

BAZILIO: Nakusikia, shemeji.

FIRDAUSI: Mtangazaji akakohoa. Mtoto wa watu. Akauliza, basi mzee, tuupige tena kuagia kipindi? Akajibu, upigeni, lakini polepole. Yule kijana akacheka, akasema mzee, hii mashine haina polepole. Wakaupiga.

BAZILIO: Na wewe ukafanya nini?

FIRDAUSI: Nikainuka nikagawa pilau. Ilikuwa imeiva, ningefanyaje? Wakala. Mama Shamsi akaosha vyombo vyote peke yake.

BAZILIO: Pole sana, shemeji.

FIRDAUSI: Na wewe ulikuwa unajua.

BAZILIO: Kwamba wimbo si wake, nilijua. Sote watano wa bendi. Kwamba ulikuwa wa mama yake Nsengimana, nilijua Desemba.

FIRDAUSI: Na kila ukija hapa, ukila chakula changu, mimi nauimba jikoni, unanisikiliza.

BAZILIO: Ego. Nilikusikiliza.

FIRDAUSI: Nikwambie kitu, shemeji. Mwaka ule nilikuwa na wachumba wawili. Yule mwingine alikuwa na duka tayari, na baba alimtaka yeye. Mimi nikamwambia baba, huyu ameniimba redioni, nchi nzima imesikia, nitakwenda kwa nani mwingine? Wimbo ndio uliokata shauri.

BAZILIO: Bila wimbo ungemkataa?

FIRDAUSI: Hilo ndilo nimekaa nalo tangu saa kumi. Natafuta, sipati. Amekuwa mume mzuri. Hajanipiga, hajaniongezea mke, nilipolazwa alilala sakafuni siku tisa. Lakini sijui. Ningependa kujua, shemeji, na hakuna wa kumwuliza. Yule msichana wa wakati ule ndiye angejua.

BAZILIO: Na wimbo wenyewe? Ukiusikia tena?

FIRDAUSI: Niliusikia leo uleule. Maneno yaleyale. Nilipokuwa nagawa pilau nikasikia "usilie, mama, jua halijazama," mkono ukasimama na mwiko juu. Sikuwaza mimi wala Gharibu. Nilimwona yule mama amekaa. Ameshikilia khanga yake, anatazama njia.

BAZILIO: Eeh.

FIRDAUSI: Nimechoka, shemeji. Nataka kumkasirikia mume wangu na huyo mama ananizuia. Kila nikianza, namwona amekaa.

BAZILIO: Mkasirikie tu. Hata yeye anangoja ukasirike.

FIRDAUSI: Aliitwa nani?

BAZILIO: Nani, mama wa Nsengimana? Hakunitajia. Alisema "mawe" tu, mama yangu.

FIRDAUSI: Huyo Nsengimana yu hai?

BAZILIO: Yu hai. Yuko ng'ambo, karibu na mpaka. Mwanawe ana simu, wakipanda mlimani wanashika mtandao wa Munanila. Namba ninayo.

FIRDAUSI: Itume kwenye simu hii. Gharibu ampigie. Akimaliza, mimi nina swali langu moja, la jina tu. Nimekaa na mama wa watu nyumbani miaka thelathini na moja simjui hata jina.

BAZILIO: Nitaituma sasa hivi. Shemeji, salio langu linaelekea kwisha—

FIRDAUSI: Subiri. Mlango huo. Ndiye.

BAZILIO: Mpe simu.

FIRDAUSI: Mimi mwenyewe sijaongea naye bado.

BAZILIO: Basi ongea naye wewe kwanza.

FIRDAUSI: Nianzie wapi?

BAZILIO: Hata sijui, shemeji. Amekula?

FIRDAUSI: Hajala tangu asubuhi. [mbali na simu] Vua viatu, nimepiga deki… Hapana, wameshaondoka wote. Hakuna mtu. Ingia. [kwenye simu] Shemeji, amesimama tu pale mlangoni, kofia mkononi.

BAZILIO: Haya, mimi nakata. Kesho mnipigie.

FIRDAUSI: Tutakupigia. Mimi au yeye, sijui nani.

BAZILIO: Yeyote tu, shemeji. Na umwambie kwamba mimi—

FIRDAUSI: Haloo? …Shemeji? …Haloo?