Gideon Umholtz, Aliyempiga Picha Franklin Deppen Mara Mbili

Ndugu, jamaa na majirani mliofika, tunayemzika leo ni Gideon Umholtz, mtoto wa tatu wa marehemu Jonas Umholtz, fundi wa mapipa, na marehemu Katarina. Alizaliwa tarehe 9 Februari 1834 hapa Womelsdorf, Pennsylvania, akabatizwa Pasaka ya mwaka huo katika kanisa hili. Mama alikuwa akisimulia kwamba Gideon alizaliwa amefumbua jicho moja. Mimi dada yake nilikuwepo, nina miaka minane, na nasema yalikuwa yamefumba yote mawili kama ya mtoto yeyote.

Alisoma shule ya kanisa mpaka mwaka 1847. Kusoma alijua, hesabu zilimpita kando. Mwalimu alimfukuza darasani siku moja kwa kosa la kumchora farasi wa mchungaji akiwa amevaa kofia ya mchungaji. Baba alimchapa ipasavyo, kisha akaitundika ile picha karakanani, ikakaa hapo mpaka Baba alipofariki.

Mwaka 1852 alikwenda mji wa Reading kujifunza kazi ya picha, ambayo wakati huo wazee wengi waliiona ni mchezo wa watu wasiotaka kushika jembe. Alirudi mwaka 1857, tukafungua studio ghorofani, upande wa kaskazini penye mwanga usiobadilika. Yeye alishika kamera. Mimi nilishika mlango, bei na fremu. Tulifanya kazi hivyo hadi alipougua, na tuligombana kwa kiasi.

Picha ilipigwa juu ya kioo au bati lililopakwa dawa mbichi, na dawa ikikauka kabla hujamaliza, kazi yote bure. Mteja alitakiwa akae bila kutikisika, kichwa kimeshikwa na chuma nyuma ya shingo. Picha ya kioo ilichapwa kwenye karatasi, na kwenye karatasi mtu alionekana jinsi alivyo. Picha ya bati ilikuwa ya bei nafuu, ila ilimgeuza mtu kama anavyogeuka kwenye kioo cha kujitazamia: cha kulia kikawa cha kushoto. Wateja hawakuuliza habari hiyo, na duka halina kawaida ya kujibu lisiloulizwa.

Vita vilipoanza, vijana wa bonde zima walipanda ngazi zetu na sare zao mpya kuwaachia mama zao picha ya bati. Agosti 1862 alikuja Franklin Deppen, mtoto wa mjane Rebekka Deppen, mwenye miaka ishirini, mcheshi. Sikio lake la kulia lilikuwa limekatwa ncha na mundu utotoni. Alikaa vizuri, akalipa, akaenda.

Masika ya mwaka 1864 Gideon naye alikwenda Virginia na gari la farasi lenye chumba cha giza, akilifuata jeshi. Mwezi Mei, baada ya mapigano ya Spotsylvania, aliingia shamba moja ambalo watu wake walikuwa wamekimbia. Chini ya misonobari alimkuta askari aliyekufa siku mbili nyuma. Pale chini ya miti palikuwa na giza. Yeye na mwendesha gari wake wakambeba maiti hadi kwenye uzio wa mbao uliokuwa juani, wakamlaza kwa ubavu, wakamwekea bunduki mkononi. Wapiga picha wengi walifanya hivyo wala hawakujificha. Gideon hakumtambua. Uso wa mtu hubadilika haraka mwezi wa Mei, na tayari alikuwa amewapiga picha wafu wengi kuliko alivyotaka kusimulia. Hao hawakuhitaji chuma cha shingoni.

Picha ile ilikaa dirishani kwetu. Iliuzwa vizuri. Zile picha za vita zote ziliuzwa vizuri kuliko za maharusi, na sijui kwa nini watu wenye wafu wao walinunua wafu wa wengine.

Juni 1866, vita vimekwisha, Bi Deppen aliingia dukani na binti yake Lovina.

"Wewe ndiye Umholtz?"

"Ndimi, mama. Karibu ukae."

"Sikuja kukaa. Ile picha ya dirishani, itoe. Watu wananisimamisha njiani kunipa pole. Jirani yangu Sabina ameniletea hadi pai ya zabibu. Pai ya msiba, nyumbani kwangu! Nimemrudishia pamoja na sahani yake."

"Kwani wanasema ni nani, mama?"

"Wanasema ni Franklin wangu. Franklin hajafa. Barua ya jeshi inasema hajulikani alipo. Mtu asiyejulikana alipo, si yuko mahali?"

Akatoa ile picha ya bati kwenye mfuko wa aproni, akaifungua, akaiweka mezani karibu na ile ya dirishani. "Haya, tazama. Sikio la mwanangu lililokatwa ni la kushoto. Huyu wako amekatwa la kulia. Una macho au una vifungo?"

Gideon akachukua lenzi, akatazama moja, akatazama nyingine. Kisha akakaa yeye kwenye kiti alichomkaribisha mgeni.

"Mama," Lovina akasema taratibu, "si wewe uliyekuwa unamfunga kile kidonda? Hukumbuki ilikuwa upande gani?"

"Nakumbuka! Nakitazama kila siku."

Alikitazama kila siku, kweli. Alichokuwa akikitazama ni bati.

Gideon akamweleza jinsi bati linavyogeuza. Bi Deppen akamwambia hayo ni maneno ya muuza picha asiyetaka kuharibu biashara. Hapo nikaingia mimi, nikampa masharti: "Mama, tufanye hivi. Tunampiga binti yako picha ya bati sasa hivi, bila malipo. Ikitoka kama alivyo, ile ya dirishani naichana mbele yako na kioo chake nakivunja. Ikitoka imegeuka, utatusikiliza mpaka mwisho."

Akanitazama kama mtu anayekagua ng'ombe sokoni. "Na usinibadilishie maneno baadaye."

"Sibadilishi."

Lovina ana baka jeusi pembeni mwa mdomo, upande wa kushoto, na mnamwona hapa mbele. Alipofungiwa kile chuma akauliza, "Hiki ni cha kunipigia picha au cha kuninyongea?"

"Itategemea kama utatikisika," Gideon akajibu. Ndiyo maneno ya kwanza aliyowahi kumwambia.

Bati lilipotoka kwenye dawa, Bi Deppen alilishika likiwa bado linachuruzika. Akalitazama, akamtazama binti yake. Akagusa baka la Lovina kwa kidole, kisha akagusa baka kwenye bati. Alirudia hivyo kwa muda, na hakuna aliyemharakisha.

"Kumbe nimelisahau sikio la mwanangu," akasema. Halafu akakaa. "Haya. Alianguka pale kwenye uzio?"

Gideon angeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angejua. Akasema, "Hapana, mama. Alianguka chini ya miti. Mimi ndiye niliyembeba nikamweka pale."

"Kwa nini?"

"Mwanga. Chini ya miti hapakuwa na mwanga."

"Na wenzake?"

"Wenzake lazima walirudi kumzika pale walipomwona akianguka. Hawakumkuta. Aliyemzika pale uzioni hakujua jina lake." Kisha akamwambia na lililobaki, kwamba serikali ilikuwa inakusanya mifupa ya mashamba yale kuipeleka makaburi ya Fredericksburg, na kwamba asiye na jina alikuwa anapewa namba.

Bi Deppen akasimama, akajifunga upya ushungi. "Mara ya kwanza ulimbeba bila kuniuliza. Mara hii nakutuma mimi. Na nitakuwa nyuma yako."

Wakaenda watatu kwa treni, Gideon, Bi Deppen na Lovina, na kile kioo ndani ya sanduku la majani makavu. Wakusanyaji wa mifupa walikuwa wameshafika shamba la jirani. Uzio ulikuwa umechomwa kuni karibu wote; Gideon alitembea na kamera kutwa nzima, akiisogeza mbele na nyuma, hadi kilima, jiwe na kisiki kimoja vilipokaa kama vilivyokaa kwenye kioo. Msimamizi wa kazi akaja amekasirika.

"Bwana, kila anayekuja hapa ana mtoto wake. Nikimpa kila mama mifupa anayoitaka, nitabaki na nini?"

"Chimba hapa tu," Gideon akamwambia. "Nikikosea, umepoteza shimo moja."

Wakachimba. Sikio halidumu ardhini, na mifupa haina uso. Msimamizi alikuwa ameshaandaa kijiti cha namba. Bi Deppen akashuka mwenyewe shimoni, akavua kiatu kimoja cha marehemu, akatoa soksi ya sufu iliyokuwa bado imeshikana. Akaipindua ndani nje, akapitisha kidole gumba kwenye kisigino.

"Kisigino hiki hupindwa mara mbili. Bonde lote hakuna anayekifuma hivi ila mimi, na wanawake wote hunicheka." Akamwinulia msimamizi ile soksi. "Hii haihitaji picha. Andika: Franklin Deppen."

Msimamizi akaandika.

Gideon alilibeba sanduku la mifupa mwenyewe, kutoka shambani hadi kituoni, na kutoka kituo cha Womelsdorf hadi makaburini, akakataa kupokewa. Franklin alizikwa tarehe 8 Julai 1866. Kile kioo Gideon alimpa Bi Deppen, naye akakivunja uani kwa mpini wa ufagio, kisha akafagia. Tangu siku hiyo Gideon hakupiga tena picha ya maiti yoyote, ingawa kazi hizo zilikuwa nyingi na wenye nazo hawabishani bei.

Tarehe 21 Oktoba 1867 alifunga ndoa na Lovina Deppen katika kanisa hili. Mchungaji alipomuuliza Bi Deppen kama amemridhia mkwe huyu, alijibu, "Sijamridhia. Lakini akitumwa hurudi." Mungu aliwajalia watoto watatu.

Dawa za kazi yake zilimtia weusi vidoleni tangu ujana, na kuanzia mwaka 1881 ziliingia mapafuni na kwenye mishipa. Mikono ilimtetemeka, ikawa yeye ndiye asiyeweza kutulia. Daktari alimkataza chumba cha giza, akakiacha. Alifariki nyumbani Jumanne tarehe 11 Machi 1884, mkewe akiwa kando ya kitanda chake. Alikuwa na umri wa miaka hamsini.

Jana alikuja kijana wa studio mpya kuomba kumpiga picha ndani ya jeneza, kama ilivyo desturi. Bei aliyotaja ilikuwa ya haki. Bi Deppen alimkuta ukumbini akisimamisha kamera, akamwambia, "Kunja miguu ya hicho kitu chako, mwanangu. Tutamkumbuka kwa kukosea, lakini tutamkumbuka wenyewe." Kwa hiyo picha haitakuwepo. Jeneza liko wazi mpaka mwisho wa wimbo, na anayetaka kumjua Gideon kwa uso apite sasa.

Ameacha mjane, Lovina. Watoto, Elmina, Jonas na Oskar. Dada, Salinda, aliyewasomea haya. Na mama mkwe, Rebekka Deppen, mwenye miaka sabini na tisa.

Alale salama pale tutakapomweka, na mtu asimhamishe.