Ignace Bisimwa na Lebo za Machungwa

Mzee Ignace Bisimwa, tunayemzika leo, alizaliwa Bukavu tarehe 9 Mei 1956, mtoto wa tatu wa seremala wa makasha.

Mwaka 1964 wazazi wake walihamia Gitega, naye akasoma shule ya Mushasha. Huko padri mmoja alimwonyesha albamu ya lebo za kale, karatasi zilizobandikwa kwenye makasha ya machungwa enzi za meli na reli. Zilikuwa na tai, mabibi wenye kofia na milima ya theluji, ili mnunuzi alitambue shamba kwa picha kabla kasha halijafunguliwa. Makatoni yalipoingia, zikakoma. Ignace hakukubali kwamba zimekoma.

Tangu 1979 alizichora kwa mkono kwa wachuuzi wa Gitega na Muyinga. Husni, mfanyabiashara wa Muyinga, aliwahi kuagiza simba anayekula chungwa.

"Simba na chungwa? Huyo iko mgonjwa," Ignace alimwambia.

"We chora tu, mzee. Hakuna mteja atamupima homa."

Simba yule alikaa sokoni miaka ishirini.

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa Muyinga na Vumilia, ambaye tangu hapo ndiye aliyempikia gundi ya muhogo.

Rangi ya machungwa aliichota katika mikebe ya zamani, aliyoinunua kwenye bohari lililofungwa. Ncha ya brashi aliichongoa kwa midomo, na ndivyo alivyomfundisha binti yake Sandrine. Mwaka 2021 tumbo lilianza kumsokota, fizi zikapigwa mstari wa buluu, kiganja kikaning'inia. Daktari alisema rangi ile ina risasi, madini yenye sumu, akaagiza mikebe itupwe.

"Docteur, rangi mpya inakufa na jua mwezi moja," alijibu. "Hii haikufi."

Mwezi wake wa mwisho ndipo alipomsihi Sandrine aiache rangi ile.

"Papa, we ulikuwa mzee," binti alimjibu. "Mi niko na nguvu."

Alifariki Gitega, Jumanne tarehe 4 Februari 2025, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane wake Vumilia, mwanawe Trésor wa Makebuko, wajukuu wanne, na Sandrine, ambaye leo mama yake ndiye aliyemfunga vifungo vya gauni, maana vidole vyake vilikataa. Sisi wa nyumbani tumesema tukachoka. Kabla hatujatawanyika, yeyote ambaye Sandrine humsikiliza amwambie aitupe mikebe ile.

Bwana amlaze Ignace mahali pema, na huyu atuachie.